Vyombo vya Fundi wa Bondeni

Mtu wa pwani akitajiwa Nakuru, aghalabu hukumbuka mambo mawili: heroe wekundu ziwani na baridi ya alfajiri. Jina lenyewe husemwa kuwa limetokana na Kimaasai, lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyewahi kufika wakati wa kiangazi hatalipinga. Ziwa nalo limebadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yamepanda, yakameza lango kuu la zamani la mbuga na viwanja vya watu, na heroe wengi wamekwenda kutafuta riziki katika maziwa mengine. Lakini Nakuru ina sura ya tatu ambayo mtalii haioni kutoka dirishani mwa gari lake. Ni mji wa mafundi. Reli ya Uganda ilifika hapo mwaka 1900, na popote reli ilipotua ilihitaji seremala, mfua vyuma, mwashi na mshoni. Mji ulikua juu ya kazi za mikono muda mrefu kabla ya kupewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021.

Pamoja na reli walipanda watu wa pwani. Ukifika mtaa wa Bondeni hutahitaji kuulizia: utasikia adhana, utanusa sambusa na mahamri, na utaona mabuibui yakipita kati ya magari ya mizigo. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifika hapo katika miaka ya 1970 akiwa kijana, na kikapu chenye msumeno mmoja na nyundo moja. Hakurudi tena pwani ila kwa harusi na mazishi. Alipofariki, alituachia karakana ya mabati ya kukodi na sanduku la vyombo ambavyo vingi alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Sisi ni watoto watatu. Mkubwa wetu wa kike ameolewa Mombasa. Kaka yetu yuko Maskati kwa kazi. Mdogo wetu, wa kike pia, amebaki Nakuru pamoja na mama, na kwa miaka 12 alikuwa akifanya kazi bega kwa bega na baba. Eda ya mama ilipomalizika, kaka akashukia Mombasa, na wawili wetu tukaondoka pamoja kwenda kuigawa tereka hiyo ndogo.

Safari hiyo siku hizi ni nyepesi. Asubuhi garimoshi la reli mpya, iliyozinduliwa mwaka 2017, hukutoa Miritini likakufikisha Nairobi kabla ya jua kuzama. Kutoka hapo ni matatu, yapata kilomita 160. Tulilala Nairobi kwa jamaa, na kesho yake tukachukua njia ya chini, ile inayoteremka ukutani mwa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Barabara hiyo ni kazi ya mateka wa Kiitalia wa Vita vya Pili vya Dunia, na chini ya mteremko bado limesimama kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Baba hakupita hapo bila kulitazama. Alikuwa akituonyesha namna mawe yalivyokaa, akisema kwamba watu wale walikuwa wafungwa na bado hawakukubali kuacha kazi mbovu nyuma yao.

Baada ya mlima Longonot na mji wa Naivasha, bonde hufunguka. Tulipopita Gilgil tulimwomba dereva atushushe penye njia ya Kariandusi, kwa kuwa tulipokuwa wadogo baba alitupeleka huko kila alipopata nafasi. Ni mahali pa kale palipotambuliwa na Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920. Ardhini, pale pale yalipofukuliwa, yamelala mashoka ya mkono kwa mamia, mengine ya mawe ya kijivu ya volkano, mengine ya lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Wataalamu hukadiria umri wake kuwa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Hayana mpini. Yamechongwa pande zote mbili mpaka yakawa na umbo la tone la maji, na ukilitazama moja kwa makini utaona kila pigo la aliyelichonga.

Wazazi wengine huwapeleka watoto wao mbugani kuona vifaru. Baba alitupeleka kuona vyombo visivyo na mwenyewe. Alikuwa akiinama juu ya kamba ya uzio, akakisia ni shoka lipi la mkono wa kulia na lipi la mkono wa kushoto. Hatujui kama alikuwa sahihi, wala walinzi wa pale hawakumsadiki, ila alikuwa na sababu ya kuuliza: yeye mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikula kwa kulia kama alivyolelewa, akaandika kwa kulia kwa sababu ya kiboko cha mwalimu, lakini kwenye mbao mkono wake wa kushoto haukuwahi kushindwa na mtu.

Kilomita chache kabla ya kuingia mjini kuna kilima cha Hyrax, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937 na 1938. Huko kuna bao zilizotobolewa juu ya mwamba, mashimo yamepangwa safu kwa safu, na mzee yeyote wa Mombasa angejua la kufanya akipewa kete. Hatukusimama. Jua lilikuwa linakwenda, na mdogo wetu alikuwa akingoja kituoni.

*

Sanduku lenyewe ni la mtarakwa, ule mwerezi wa milimani unaonukia hata baada ya miaka 30. Ndani yake mlikuwa na misumeno mitatu ya dukani. Vyombo vingine karibu vyote havikununuliwa. Patasi zilikuwa tupa kuukuu, zilizochakaa zisiweze kula chuma, zikafuliwa upya. Tezo ilitoka kwenye springi ya lori. Palikuwa na keekee ya upinde kama zile wanazotumia waunda majahazi, aliyoichonga kwa kumbukumbu tu ya aliyoyaona pwani utotoni. Na palikuwa na randa tano, ndefu na fupi, miili yake ya mzeituni mwitu, mti mgumu wa misitu ya huko unaotoa mbao nzito na laini kama jiwe lililosuguliwa.

Visu vya randa hizo alivifua pamoja na jirani yake, mfua vyuma wa jua kali, Mkristo, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana yetu. Kazi yao inafaa kuelezwa, maana wengi wetu hutumia kisu kila siku jikoni bila kujua kwa nini kimoja hushika makali na kingine hupinda. Kipande cha springi hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu na sumaku isiweze tena kukinasa. Hapo huzamishwa ghafla kwenye mafuta. Kikitoka huwa kigumu mno, kigumu hata kikianguka kwenye saruji huvunjika kama sahani. Kwa hiyo husuguliwa mpaka king'ae, kikarudishwa karibu na moto taratibu, na rangi huanza kutembea juu yake: kwanza manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau na buluu. Kisu cha randa hutolewa kwenye manjano ile ile. Ukichelewa kidogo tu, makali yatakuwa laini. Wazee wetu huita kazi hiyo kutia matiko, na haina kipimo ila jicho.

Kwa kuwa baba alikuwa wa kushoto, vyombo vyake vilikuwa vya kushoto. Tezo na kishoka vilinolewa upande mmoja, upande ambao kwa watu wengi ni kinyume. Randa ya kuchimba mifuo ilikuwa na ubao wake wa kuongozea upande usiotarajiwa. Mafundi wa mtaani wakiziazima walizirudisha siku hiyo hiyo. Mdogo wetu ni wa kulia. Alipoanza kumsaidia baba hakukuwa na vyombo vingine, basi akajifunza kwa kushoto, na leo ukimpa randa ya dukani huishika kama mgeni.

Kazi yake kubwa ni marufaa za kuwekea Msahafu. Asiyewahi kuiona ikitengenezwa hudhani ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Marufaa ya kweli ni ubao mmoja. Hupasuliwa kwa msumeno kutoka ncha ya juu hadi katikati, na kutoka ncha ya chini hadi katikati, na pale kati hukatwa meno yanayoingiana, bila msumari wala gundi, mpaka ubao ule ule mmoja ufunguke kama kitabu. Meno hayo hukatwa kwa patasi nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Hakuna duka la Nakuru linaloiuza patasi hiyo. Baba aliifua kwa ajili ya kazi hiyo tu.

*

Sasa tuje kwenye lile lililotupeleka.

Kabla hatujafika, mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kupita. Aliyapima yote kwa kilo, akatoa bei ya shilingi 2,100, na randa akazisukuma pembeni kwa mguu. Alisema hizo ni kuni. Jamaa wa mbali wakashauri vyombo apewe kaka, kwa kuwa seremala ni kazi ya kiume na vyombo vya mwanamume humfuata mwanamume. Mama akasema alimsikia baba, katika ugonjwa wake, akitamka kwamba vyombo ni vya mdogo wetu. Kila neno lilikuwa na uzito wake, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuumia.

Tulimwita mwalimu mmoja wa madrasa mwenye elimu ya mirathi. Kesi hatukuwa nayo, ingawa tungelihitilafiana mlango ulikuwa wazi: Mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, na mirathi ya Waislamu wanaokubali kusimama mbele yake ni miongoni mwa mambo inayoyaamua. Mwalimu alituketisha sebuleni, mama nyuma ya mlango ulio wazi, akaanza na swali ambalo hatukulitarajia: je, kila kilichomo sandukuni ni cha marehemu?

Hapo ndipo jirani mfua vyuma alipoitwa. Ni lazima tuseme mtu huyu ni nani kwetu. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru na vibanda vikachomwa, sanduku hili lilikaa nyumbani kwake chini ya magunia ya mahindi, majuma mawili, na hakuna chombo hata kimoja kilichopotea. Mzee alisema mambo mawili. Kwanza, alikuwa akimdai baba shilingi 1,500 za kazi ya mwisho. Pili, fuawe lililo karakanani, kipande cha reli kilichokatwa, lilikuwa lake. Alimwazima baba miaka mingi nyuma. Daftari la baba lilikuwa na lile deni. Fuawe halikuwamo.

Mwalimu alisema deni halina mjadala: hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu. Kuhusu fuawe, alituuliza kama miongoni mwa warithi yumo mtoto asiyebaleghe. Hakuwamo. Kama angekuwamo, alisema, tusingeweza kuwa wakarimu kwa hisa yake, hata tungempenda jirani vipi; lakini sisi watu wazima tunaweza kulikubali neno la mtu tunayemwamini. Tulilikubali. Vijana wawili walilibeba likavuka barabara.

Kisha likaja suala la maneno ya baba. Hapa mwalimu alizungumza polepole. Marehemu angempa binti vyombo hivyo akiwa hai na mzima, akamkabidhi, ingekuwa zawadi iliyokwisha. Lakini neno la kitandani kwamba kitu kiwe cha mrithi fulani baada ya kifo ni wasia kwa mrithi, nao hausimami ila warithi wengine wakiridhia. Basi tuhesabu kwanza, akasema, halafu anayetaka kuridhia ajue anaridhia nini.

Maneno hayo tungependa yasikike katika nyumba nyingi za pwani. Tumewaona kina mama wakiombwa "kusamehe" hisa zao siku ya arobaini, mbele ya wageni, kabla hata ya kuambiwa ni kiasi gani. Kusamehe kwa namna hiyo kuna jina jingine. Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa haikuweka kiwango cha chini cha mali ya kurithiwa. Kichache na kingi vyote vimeingizwa, na wanawake wametajwa waziwazi kuwa na fungu lao. Sanduku la randa kuukuu limo.

Mafundi wawili wa mtaani wakaviangalia vyombo kama vyombo, si kama chuma. Walifikia shilingi 20,700. Likitolewa deni la mzee, zikabaki 19,200. Wazazi wa baba walikwisha tangulia, kwa hiyo warithi ni mama na sisi watatu. Mama ana thumuni. Inayobaki hugawanywa mwanamume mafungu mawili, kila mwanamke moja. Mwalimu aliandika kwenye karatasi ya daftari la shule: mafungu 32 kwa jumla, mama 4, kaka 14, binti 7 na binti 7. Kila fungu shilingi 600. Mama 2,400, kaka 8,400, na kila binti 4,200. Ilipofika hapo sebule ilinyamaza, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mdogo wetu, akitaka kubaki na vyombo vyake vya kazi, alikuwa na deni la shilingi 15,000 kwa watu aliowapenda.

Hakulia. Alisema atalipa kwa awamu.

Mkubwa wetu ndiye aliyetangulia kusema. Hakusamehe, alidai. Marufaa moja mdogo wetu huiuza shilingi 350, na 4,200 ni marufaa 12. Alizitaka hizo 12 kwa madrasa ya wanawake mtaani kwake Mombasa, kwa mbao nzuri na meno yaliyokaa sawa. Mama alitaka fedha zake mkononi, akahesabu noti mbele yetu, akazifunga kwenye pindo la leso. Siku ya nne alizitoa akamtuma kijana kununua mbao, na bei ya mbao, tangu ukataji wa miti ya msituni uliposimamishwa mwaka 2018, haijapata kurudi ilipokuwa.

Kaka alikuwa mgumu zaidi, nasi tunamwelewa. Alitaka randa ndefu, ya kwanza kabisa baba kuitengeneza. Alikuwa na miaka saba alipoishika taa usiku ule baba akiutoboa mdomo wake. Alitaka kuiweka Maskati, kabatini, palipo na picha ya baba. Thamani yake ilikuwa shilingi 2,400 na haki yake ilizidi hiyo mara tatu. Lakini randa hiyo ndiyo inayonyoosha mbao za marufaa. Bila yake ubao hauwi sawa, na ubao usipokuwa sawa meno hayaingiani. Hakuna aliyemlaumu. Siku mbili mezani palizungumzwa hali ya hewa.

Baadaye mdogo wetu alipanda darini karakanani akateremsha kipande cha mzeituni mwitu ambacho baba alikiweka kukauka, na tarehe yake kwa kalamu ya risasi: miaka tisa. Akasema atachonga mwili mwingine, achukue kaka wa zamani. Shida ilikuwa kisu. Mzee wa ng'ambo alikuja, akalifua bapa la springi juu ya lile fuawe lake, akalizamisha, akalisugua. Lakini rangi ilipoanza kutembea aligeuza uso. Macho yake yana mtoto wa jicho na manjano haioni tena. Ameacha kutia matiko mwaka wa pili huu. Akampa mdogo wetu koleo, akasimama nyuma yake akimwuliza, sasa ikoje, sasa ikoje. Kisu cha kwanza kilikwenda mpaka buluu. Cha pili kilimeguka ukingoni siku ile ile kilipotiwa kazini.

Kaka alikuwa ameketi juu ya rundo la maranda, akitazama. Alikuwa amekwisha kuandika, mbele ya mwalimu, kwamba 6,000 zilizobaki katika hisa yake ni zawadi kwa dada yake. Hilo alilifanya kwa wepesi. Sasa aliichukua randa ndefu, akaigonga kisigino kwa nyundo ya mbao kama baba alivyokuwa akifanya, kabari ikalegea, kisu kikateleza nje. Akakifuta kwa upindo wa shati akakiweka juu ya meza ya kazi.

Kisu hicho sasa kimo ndani ya mwili mpya, na marufaa nane kati ya 12 zimekwisha kuteremka Mombasa kwa basi. Mwili wa zamani ulisafiri na kaka. Kwenye uwanja wa ndege askari aliugeuzageuza, akachungulia ndani ya mdomo wa randa, akauliza kitu hiki ni cha nini. Kaka akamwonyesha namna ya kuushika, kwa mkono wa kushoto.